Kila ukumbi unadai sikio lake

Okestra yetu ina watu 14, wote wa vyombo vya nyuzi: fidla saba, viola tatu (fidla kubwa kidogo zenye sauti nzito zaidi), selo tatu na besi moja kubwa. Hatuna mtu wa kusimama mbele na kifimbo. Watu wa kwaya wanaotuona kwa mara ya kwanza huuliza mwalimu wetu yuko wapi, na tukishamaliza kupiga huuliza tena, tumejuaje wote pa kuanzia. Swali hilo la pili ndilo lililonikalisha katika kazi hii. Nataka kulijibu kwa kirefu, maana jibu lenyewe sikulipata lote kwenye mazoezi yetu ya Iringa mjini. Sehemu kubwa nimeiokota njiani, kati ya Ilula na Kyela, huku kusini mwa Tanzania, kwenye makanisa, kumbi za shule na viwanja vya vijiji ambako tumekuwa tukipiga msimu baada ya msimu.

Okestra ya chemba ni okestra ndogo, ambayo mpigaji bado anaweza kuwasikia wenzake mmoja mmoja. Kupiga bila mwongozaji hatukukuzua sisi. New York ipo Orpheus Chamber Orchestra, iliyoanzishwa mwaka 1972, nayo ilijengwa juu ya msingi huo huo wa kutokuwa na mwongozaji. Ukirudi hadi enzi za Bach na Haydn, watunzi wa Ulaya wa karne ya 18, aliyeongoza alikuwa ndani ya okestra yenyewe, amekaa kwenye kinanda au ameshika fidla. Kifimbo kilishika nafasi baadaye, okestra zilipoongezeka watu.

Sisi tunaanza kwa pumzi. Dada anayekaa fidla ya kwanza huvuta pumzi kwa kasi ileile ya muziki unaokuja. Pumzi ikiwa ndefu, muziki ni wa taratibu. Ikiwa ya kukata, ni wa mbio. Upinde wake unanyanyuka pamoja na pumzi hiyo, na kabla haujagusa uzi sote tumeshajua kasi, nguvu, na namna nota ya kwanza itakavyoingia, kwa kubembeleza au kwa kugonga. Wengi hudhani tunamfuata yeye hadi mwisho. Mimi nikishaanza namfuata kaka wa besi. Besi ndiyo sakafu. Ikisogea mbele kidogo, sote tunasogea. Ikituama, hata fidla zenye nota nyingi za haraka zinatulia.

Tatizo ni kwamba sauti nayo ina mwendo wake. Hewa ikiwa na nyuzijoto 20, sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde. Ni mwendo mkubwa, lakini tukipangwa kwenye jukwaa pana, mita kumi kutoka ncha hadi ncha, sauti ya besi inafika kwa fidla ya mwisho ikiwa imechelewa karibu sehemu tatu za mia za sekunde. Mpigaji akisubiri kuisikia ndipo apige, naye anachelewa, na anayemsikiliza yeye anachelewa zaidi, mpaka muziki unaanza kuburuta miguu. Kwa hiyo tumejifunza kugawa kazi: aliye mbali unamfuata kwa macho, aliye karibu unamfuata kwa masikio. Mkono wa kaka wa besi nauona, na dada wa selo aliye kando yangu namsikia.

Ndiyo maana mazoezini tunageuziana migongo. Tunakaa duara, nyuso zikitazama ukuta, tunapiga kipande kizima bila kuonana. Mara ya kwanza inatisha. Baada ya muda unaanza kusikia mambo ambayo macho yalikuwa yanayafunika: mwenzako akivuta pumzi, upinde ukibadilisha uelekeo, kiti kikilia kwa sababu mtu ameegemea mbele akijiandaa kuingia. Ningemshauri mwalimu yeyote wa kwaya alijaribu zoezi hili, maana waimbaji nao hutegemea mno mkono wa mwalimu.

Karibu sote tumetoka kwaya. Mimi niliimba alto tangu nikiwa mdogo, na viola ndiyo alto ya nyuzi. Nilipoishika nilijiona nimerudi kwenye benchi langu la kanisani. Tulilelewa kwa solfa, zile d, r, m, f zilizochapwa pamoja na nukta pacha na vistari vya mapigo. Mfumo huo ulianzia Uingereza katika karne ya 19, ukianzishwa na Sarah Glover na kuenezwa na John Curwen, wamisionari wakausambaza, nasi tukaufanya wetu kabisa. Kuhamia nota za mistari mitano kulitugharimu jasho. Viola tena ina ufunguo wake peke yake, do ya kati ikikaa kwenye mstari wa katikati, kwa hiyo hata aliyekwisha kuzoea nota za fidla lazima aanze upya.

Nimewasikia watu waliosoma muziki wakisema solfa ni ngazi ya wasiojua nota. Sikubaliani nao hata kidogo, na sababu yangu iko masikioni. Kinanda kimegawanya oktavu, yaani kutoka do hadi do inayofuata, katika hatua 12 zilizo sawa ili kiweze kuanzia do popote. Mgawanyo huo una gharama: mi ya kinanda iko juu kidogo kuliko mi inayotulia kabisa juu ya do. Tofauti ni karibu sehemu 14 kati ya 100 za nusu toni, yaani za hatua moja kati ya hizo 12. Ni ndogo, lakini sikio linaiona. Mwimbaji aliyekulia kwenye solfa, hasa katika kwaya isiyo na kinanda, anaijua mi kwa uhusiano wake na do, na akisikia do imekaa vizuri anaishusha mi mahali pake bila kuambiwa. Vyombo vya nyuzi vya upinde havina vigawanyo shingoni kama vya gitaa, kidole kinatua popote unapotaka, kwa hiyo nasi tuna uhuru huo huo. Viola mara nyingi ndiyo inayoachiwa mi. Nikiishusha kwa unywele mmoja, mchanganyiko mzima wa sauti unafunguka, na watu wa benchi la nyuma wanasikia kama tumeongezeka idadi. Huo ni urithi wa kwaya, na hakuna kitabu cha nota kilichonipa.

Tunasafiri kiangazi, Juni hadi Septemba. Watu wameshavuna, barabara za vijijini zinapitika, na muhimu kuliko yote, hakuna mvua juu ya bati. Mvua ikishuka kwenye paa la bati, fidla saba si kitu. Tukuyu tu ndiyo haituahidi lolote, maana mvua ya huko wilayani Rungwe haina adabu ya misimu. Lakini kiangazi nacho kina madai yake. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, hukauka na kusinyaa. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi hewa yake ni baridi kavu. Kyela iko karibu mita 500, karibu na Ziwa Nyasa, joto na unyevu mwaka mzima. Safari yetu inaunganisha hizo mbili. Njombe vigingi vya kukazia nyuzi vinalegea usiku, na asubuhi unakuta uzi umelala. Kyela vigingi vile vile vinavimba na kugoma kuzunguka. Dawa ni chaki kwa kigingi kinachoteleza na sabuni kavu kwa kinachogoma. Ndani ya kila kasha tunaweka kopo la sabuni lililotobolewa, lenye sponji iliyoloweshwa ikakamuliwa sana, ili ubao usikauke kupita kiasi.

Wenzangu wapya hushtuka wakiona fidla imeachia pembeni, ubao wa uso umeachana na mbavu. Huwa nawatuliza. Mafundi wa fidla hugundisha kwa gundi ya ngozi ya mnyama, nayo imechaguliwa makusudi kwa kuwa inakubali kuachia. Afadhali gundi iachie kuliko ubao upasuke. Unaisafisha, unapasha gundi nyingine kwenye maji moto, unabana, unangoja kesho. Anayepaka gundi ya seremala ya dukani anakiokoa chombo leo na kukiharibu kwa fundi wa kesho, kwa sababu gundi ile haitoki bila kung'oa mbao. Hili nalisisitiza kila tunapofundisha, maana huku fundi wa fidla hayupo na kila mtu anasukumwa na nia njema.

Kati ya Mafinga na Makambako tunapita karibu na msitu wa Sao Hill. Kila tukipita huko nawaonesha vijana misonobari. Upinde una nywele za mkia wa farasi, na nywele peke yake haziwezi kuupigisha uzi. Lazima zipakwe ulimbo mkavu unaotokana na utomvu wa msonobari. Utomvu ukichemshwa, tapentaini inapanda na mvuke na kinachobaki chini ni ulimbo mgumu. Ulimbo ndio unaozifanya nywele ziushike uzi na kuuachia, ziushike na kuuachia. Uzi wa la (A) tunaoupatanisha kwenye mitetemo 440 kwa sekunde unashikwa na kuachiwa mara 440 katika sekunde hiyo moja. Utomvu unavunwa Sao Hill, ila ulimbo tunaopaka unatoka ng'ambo, kipande kidogo kwa bei ya kuumiza. Natamani mtu wa Mufindi, wilaya yenye msitu huo, aione kazi hiyo.

Usafirishaji wenyewe ni nidhamu. Coaster tunayokodi ina viti vya kutosha, lakini besi inalala juu ya migongo ya viti vya nyuma ikiwa imezungushiwa mablanketi, na kila selo inakaa kwenye kiti kama abiria. Hakuna chombo kinachopanda keria. Kabla ya kuondoka kila mtu analegeza nywele za upinde wake, maana upinde ulioachwa umekazwa hupinda ukiwa njiani. Tunalala kwa wenyeji, wawili wawili, na hapo ndipo unapoijua nchi: viazi vya Njombe, mbalaga za Tukuyu, wali wa Kyela. Wenye watoto wadogo ndio wanaolipa zaidi kwa maisha haya. Mwenzetu mmoja wa fidla ya pili husafiri na mwanawe pamoja na mama yake mzazi, na kiti cha bibi tunakilipa sote kama gharama ya okestra. Niliwahi kuwasimulia garini habari ya Haydn. Ni ile ya simfoni yake namba 45, ya mwaka 1772. Wanamuziki wake walikuwa wamezuiwa kwenye kasri la Eszterháza muda mrefu, mbali na familia zao, naye akaandika mwisho ambao wapigaji wanaondoka mmoja baada ya mwingine hadi zinabaki fidla mbili. Mkuu wao alielewa, wakaruhusiwa kwenda nyumbani. Tangu niwasimulie hayo, safari yetu moja haizidi siku kumi.

Sasa kumbi. Hapa ndipo nilipojifunza zaidi kuliko mahali pengine popote. Katika kanisa kubwa la Tosamaganga, nje kidogo ya Iringa, sauti inakaa hewani baada ya upinde kuondoka. Tulipopiga pale kazi ya Mozart ya mwaka 1772, ile divertimento (kipande chepesi cha burudani) ya D meja aliyoiandika akiwa na miaka 16, kasi yetu ya kawaida iligeuka ukungu. Ilitubidi tupunguze mwendo, tufupishe kila nota na kuacha nafasi katikati, ili ukuta umalizie sehemu yake. Siku chache baadaye tuko kwenye bwalo la shule lenye dari la chini, limejaa wanafunzi waliobanana, na miili ya watu hunyonya sauti. Nota fupi za Tosamaganga zilisikika zimekatwa kwa panga. Tukarefusha upinde, tukasogeleana viti, tukaongeza kasi. Uwanjani ni kugumu kuliko kote, kwa kuwa hakuna kinachokurudishia sauti. Unapiga na inaondoka zake, na usipojihadhari unaanza kukandamiza upinde mpaka chombo kinakoroma. Pale natafuta ukuta au gari la kuegemeza migongo yetu, na watu tunawaomba wakae karibu kabisa, watoto mbele.

Kwa hiyo tukifika mahali, kazi ya kwanza ni kuusikiliza ukumbi. Mmoja anapiga mstari mfupi, wengine wanatembea hadi pembeni na mlangoni, kisha tunabadilishana. Kasi tuliyokubaliana Iringa ni pendekezo tu. Mwongozaji angeweza kutuamulia haya kwa dakika moja, lakini yeye husimama mahali pamoja na kusikia kutoka mahali pamoja. Sisi tunasikia kutoka pande 14, na tunabishana hadi tunaelewana.

Rungwe tulipiga pamoja na kikundi cha tarumbeta cha Wamoraviani. Misheni ya Moravian iko Rungwe tangu mwaka 1891, na Wamoraviani wana mapokeo ya vikundi vya tarumbeta tangu karne ya 18 huko Ujerumani, kwa hiyo wale wazee walitukaribisha kama watu wenye nyumba yao. "Mugonile," wakatusalimia, kisha wakatupa sauti ya kujipatanisha. Saa mbili asubuhi, baridi, sauti ya shaba, yaani ya tarumbeta zao, ilikuwa chini kabisa. Tukashusha nyuzi kuwafuata. Kanisa likajaa, hewa ikapata joto, na hapo ikaonekana sayansi ya ajabu: joto hupandisha sauti ya tarumbeta, kwa kuwa sauti inasafiri haraka zaidi ndani ya bomba lenye hewa ya moto, huku likilegeza nyuzi na kuzishusha. Tulianza pamoja na kila dakika tukaachana kidogo. Mzee aliyeongoza tarumbeta alinisogelea wakati wa mahubiri akaninong'oneza, "Mwanangu, sisi tutavuta mabomba nje kidogo, ninyi kazeni kidogo, tukutane." Tukakutana. Tangu siku hiyo tukipiga na shaba tunawaomba wapulize hewa ya moto chomboni robo saa kabla ya kuanza, na sisi tunajipatanisha mwishoni kabisa.

Jambo moja linaniumiza, nalo ni spika. Karibu kila tunakokwenda tunapokelewa na mikisa, maikrofoni na spika mbili kubwa, kwa upendo wote. Wenyeji wanaona ni heshima kutuwekea umeme. Tunakataa, kwa upole, kila mara. Kazi yote niliyoieleza, mi iliyoshushwa, nota iliyofupishwa ili ukuta uimalizie, viola iliyojificha chini ya selo, spika inaikunja na kuitoa kwenye tundu moja. Masikio ya watu wetu yamezoeshwa kuletewa sauti, hawaiendei tena. Tukipiga bila spika, dakika mbili za mwanzo watu wanahangaika na viti vinasogezwa. Dakika ya tatu wanainama mbele. Nimeona hivyo Makambako, karibu na stendi, magari yakipita nje. Sauti ndogo ikipigwa kwa usahihi inamfanya mtu aitafute, na akiitafuta anakuwa mshiriki.

Somo la mwisho nililipata Kalenga, kwenye ngome ya zamani ya Mkwawa. Tulipomaliza, babu mmoja alikuja kuitazama viola yangu. "Kamwene, babu," nikamwamkia. Akaipapasa nyuzi, akaniambia kwamba ujanani alikaa na wapiga ligombo. Ligombo ni chombo cha Wahehe, ubao uliochongwa shimo refu, ugwe ukipitishwa juu yake kwenda na kurudi, na mpigaji huku anaimba na kusimulia. Hugh Tracey, mtafiti wa muziki wa Afrika, alipopita Tanganyika akirekodi muziki mwaka 1950, ligombo lilikuwa miongoni mwa vyombo alivyovinasa. Babu akaniuliza, "Pale katikati ulikuwa unamwambia nani?" Sikuwa na jibu. Akaendelea: "Mpiga ligombo hana sauti isiyo na wa kuambiwa. Kama si mtwa, yaani chifu, ni mkewe. Kama si mkewe, ni marehemu."

Niliporudi kwenye nota zangu nikaanza kuandika kwa penseli, juu ya kila mstari wa viola, mstari huu unaelekezwa kwa nani: selo, fidla ya pili, wote, au aliyekaa karibu na mlango. Wenzangu wakaiga. Kuingia kwetu pamoja, kule ambako watu huuliza tumejuaje, kulikaza kuliko mazoezi yoyote yalivyowahi kukukaza, kwa sababu sasa kila mmoja anaingia akiwa na wa kumjibu. Katika konseto ya Brandenburg ya tatu ya Bach, yenye fidla tatu, viola tatu na selo tatu, wazo moja likirushwa kutoka kundi hadi kundi, tofauti ilisikika siku ile ile. Pia tukaongeza African Suite ya Fela Sowande, Mnaijeria, aliyoiandikia nyuzi na kinubi mwaka 1944. Kinubi hatuna, tunagawana sehemu zake kwa kudonoa nyuzi, na wazee wa Kalenga waliposikia tunadonoa walicheka kwa furaha.

Msimu ujao tumekubaliana kupunguza vituo na kukaa siku mbili kila mahali, ya kwanza kwa kuusikiliza ukumbi na kufundisha, ya pili kwa kupiga. Rungwe kuna vijana wawili wa tarumbeta wanaosoma nota vizuri na wanataka selo. Tunayo selo ya akiba. Ufa wake umeshagundishwa kwa gundi ya ngozi na nyuzi mpya zimewekwa. Itapanda Coaster nasi mwezi Juni, kwenye kiti chake, na tutawaachia wao.